Siku Mbili Alizoruka Baba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Shemeji hajambo, na wale mapacha? Mgongo wako umepona, au bado unautibu kwa kuulalamikia? Sisi huku wazima. Hilo neno "wazima" nimelikata na kulirudisha mara mbili, kwa hiyo afadhali niseme.

Baba ana saratani ya koo. Alitukataza kukuambia, eti utaacha kazi uje kumkodolea macho. Mimi nimeshindwa. Tangu asubuhi nimeshona suruali moja tu, na mguu mmoja nimeushona ndani nje.

Ule ukwaruzo wa sauti uliousikia kwenye simu mwaka jana haukuwa vumbi la mbao. Miezi mitano tulimnywesha dawa za kikohozi. Unamjua Baba, nyapara wa kiwanda cha mbao anayeitwa Honi kwa sauti yake. Nani angemwambia aache kupayuka akapimwe? Tulipofika hospitali uvimbe ulishakua, na tezi moja ya shingo ilikuwa ngumu kama kokwa.

Daktari wa mionzi ni mama mmoja asiyemung'unya maneno. Nilimwuliza Baba atapona au la.

"Sijui," alisema. "Anayekuja mapema, shingo haina kitu, mara nyingi hupona. Mzee wenu kachelewa, na hilo halirudi nyuma. Yaliyobaki mikononi mwetu ni haya: damu isishuke, sigara aache, na siku za mionzi asiruke. Uvimbe ukiupumzisha, unajijenga upya."

Nikamtajia umri wa Baba. Akasema ameona wazee wengi wakiwashinda vijana wanaovuta.

Mionzi ilikuwa ya siku thelathini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ya nne koo liliungua kwa ndani, akawa akimeza mate tu machozi yanamtoka. Alipungua kilo saba. Damu ikashuka, shemeji yetu fundi bomba akajitolea yake. Mimi nikawa kama kuku anayetaka kutaga, sikai, silali, nahesabu vijiko vya supu anavyomeza.

Alhamisi moja akanionyesha kwa mikono kwamba atakwenda mwenyewe, mimi nibaki nishone. Ijumaa vilevile. Mchana wake hospitali wakapiga simu: "Mzee wenu yuko wapi? Leo ni siku ya pili hatumwoni." Mama alivaa viatu, tukaenda moja kwa moja kiwandani.

Tulimkuta kasimama kwenye vumbi, sigara mdomoni, anawaelekeza watu kwa vidole. Mama akamshika mkono, Baba akauchomoa. Msumeno ulikuwa unanguruma, kwa hiyo aliniinamia sikioni: "Nimechoka kulala pale nimefungwa kinyago usoni nisitikisike. Kama ni kufa, nife kazini."

Kaka, sijawahi kumjibu Baba vibaya, ila siku hiyo nilipiga kelele: "Kufa hapa si ushujaa, Baba! Ni kututoroka!"

Fundi wa msumeno mkubwa alikuwa anatutazama. Akazima mashine yake. Ya pili ikazimwa, na ya tatu. Tangu nizaliwe sijawahi kukisikia kiwanda kile kimya mchana. Baba akawageukia, akajaza kifua, akafungua mdomo kuwakaripia wawashe. Ikatoka hewa tu. Wanaume kumi na wawili waliozoea kutetemeshwa na Honi wakatazama chini.

"Mzee," fundi msumeno akasema, "hatuwashi mpaka uende ukatibiwe."

Baba akaizima sigara kwa kiatu, akatoa pakiti mfukoni, akampa Mama. Njia nzima hakutuangalia.

Daktari alifidia siku zile mbili: Ijumaa mbili zilizofuata Baba alipigwa mionzi asubuhi na tena jioni. Akamaliza yote.

Sasa imepita miezi mitatu. Jumatano iliyopita walimwingizia kamera kooni, na uvimbe hauonekani. Ile tezi imebaki kama punje; waliichoma sindano, majibu yametoka juzi, ni safi. Nilitembea korido nzima nikilia, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Lakini daktari amesema miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuchunga. Hapo ndipo nilipokwama. Baba akikohoa nasimama. Akitoka uani nanusa shati lake. Ameshaanza kuniita Mbwa wa Forodha. Mama anacheka, mimi najaribu.

Mama anakusalimu, na shangazi, na shemeji wa mabomba, ambaye sasa kila mahali anasema Baba anatembea kwa damu yake. Wabusu mapacha.

Nina ombi moja. Piga simu, na atakayepokea ni Baba. Sauti yake hutaitambua. Ni kama karatasi inayokwaruzwa. Usiulize "Nani mwenzangu?" Binamu aliuliza hivyo, Baba akakata simu, akashinda siku nzima hajatoa neno. Wewe ukisikia mkwaruzo tu, usingoje kitu. Sema, "Shikamoo, Baba."

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi ambao mimi sina.

Wako akupendaye sana,
Mdogo wako wa cherehani