Kipimo Nilichokiamini Bila Kutazama

Mjomba,

Dawati lako nimepewa mimi. Imeletwa mashine mpya ya kupigia hesabu, yenye mkono wa kuzungusha, na hapa Changamwe kila mtu anazungumza habari za Uhuru. Ningekuandikia hayo tu, lakini nina hofu.

Unakumbuka dawa mbili za safura, ya zamani na mpya, tulizowagawia watoto wa shule kule Likoni? Matokeo yalikuja baada ya arubaini yako. Daktari alitaka jibu upesi. Nikachukua wastani wa mayai ya minyoo kwa kila kundi, nikapiga kile kipimo cha kulinganisha wastani mbili, nikaandika kwamba dawa mpya haina tofauti na ya zamani. Nikatia saini. Jumatatu masanduku ya dawa mpya yanarudishwa.

Sikupanga kete, Mjomba. Wewe hukupiga kipimo hata siku moja kabla ya kumwaga kete za bao sakafuni, kila mtoto kete yake, wenye mayai machache huku, wenye mengi kule. "Tizama sura yake kwanza, mwanangu." Mimi niliona haya kuchuchumaa mbele ya makarani wapya.

Jana nikazipanga nyumbani. Dada yako akadhani nacheza bao peke yangu. Kipimo kile hudhani kwamba hesabu zimejaa katikati, na zinapungua sawasawa pande zote mbili. Zetu zimerundikana upande mmoja. Waliopewa dawa mpya karibu wote wamesafika, ila mtoto mmoja ana mayai mengi kuliko wenzake wote kwa pamoja. Yeye peke yake ameupandisha wastani na kuzidisha mtawanyiko, hata kipimo kikashindwa kuona kitu. Nilipoacha idadi, nikawapanga watoto wote foleni, kutoka mwenye machache hadi mwenye mengi, nikalinganisha nafasi zao tu, dawa mpya ilishinda waziwazi.

Nikatamani kumfuta yule mmoja, wastani ukae sawa, na lile jibu nililolitia saini nilibadilishe kimyakimya. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikakumbuka ulivyomkaripia karani aliyetaka kufanya hivyo: "Na huyo si mtoto wa mtu?" Nikaiweka chini. Lo, ulikuwa mkali wewe, na nakutaka hapa.

Kesho asubuhi naingia kwa daktari. Nitamwambia hesabu ni sahihi, kipimo sicho, na mwenye kosa ni mimi. Wallahi naogopa, Mjomba. Hajui kusamehe yule, na watu wa kunirithi wako tele. Lakini nakuahidi masanduku hayatapakiwa mimi nikiwa nimenyamaza.

Mola akulaze pema. Nikifukuzwa, nitapitia kaburini kwako kukwambia mwenyewe, kabla sijamwambia mke wangu.

Mpwa wako,
Bakari