Kaseti Iliyobaki Ndani ya Pikapu ya Evaristo

Betri ya pikapu yako iko barazani inachajiwa, Evaristo, na sisi tumeizunguka kama watu wanaongojea chungu kichemke. Mwaka umetimia tangu moyo wako usimame kule malishoni, chini ya mtambo wa upepo uliokuwa ukiutengeneza, na bado hatujakubaliana juu ya wimbo wako.

Jumapili, baada ya misa, redio ya mji wetu itakupigia wimbo mmoja, kama inavyowapigia marehemu wote wa hapa Falfurrias wanapotimiza mwaka. Mtangazaji anataka jina la msanii uliyempenda kuliko wengine, na analitaka kesho. Ulituachia nyumba isiyovuja. Uliwaachia wafugaji mitambo inayovuta maji hata leo. Jina hilo hukumwachia mtu.

Tunazikumbuka Jumamosi zako. Uliwasha kuni za mesquite, mti wetu wa miiba, mapema, grisi ya kazini ikiwa bado kwenye kucha, na kila aliyekuja uani alikuja na kaseti yake. Sheria yako ilikuwa moja: asisemwe vibaya msanii wa mwenzako mpaka wimbo wake uishe. Na kipande cha kwanza cha nyama, ndani ya tortilla, chapati nyembamba ya moto, kilikuwa cha yule ambaye wimbo wake unapigwa.

Mdogo wako Nieves alileta akodioni za kundi la Los Cuates de Encino. Marisela, binti yako, alileta sauti ya Delfina Arriaga, iliyomfundisha kucheza Tejano, muziki wa huku kwetu, jikoni akiwa na soksi tu. Kompadre wako Dub Hatcher, aliyemsimamia Marisela ubatizoni, alikuja na kaseti ya mwimbaji wake mchunga ng'ombe, Orrin Teague, na gitaa lake la pole pole.

"Huyo mzee wako anaimba kama mtu aliyekanyagwa na farasi," Nieves alimwambia, wimbo ulipokwisha.

"Alikanyagwa kweli, ndiyo maana namwamini," Dub akajibu. "Wako hao hata punda hawajawahi kumpanda."

Wewe uligeuza nyama, mabega yakitikisika kwa kicheko. Hukuegemea upande wowote. Sasa ndipo tunaona kwamba uliegemea kila upande, maana Nieves anaapa ulimwambia, "Hawa ndio wangu." Dub anaapa uliyasema hayo hayo kuhusu Orrin Teague, mkiwa mmekaa kwenye uzio. Marisela alifungua mdomo kusema lake, akaangua kilio, na hapo tukajua ulimwambia vilevile.

Tangu Jumatatu hatujatulia. Mmoja hupiga simu alfajiri kukumbusha jambo, mwingine huja na ushahidi wakati wa chakula. Kitu kimoja tu kinaweza kutuamua: kaseti uliyokuwa ukiisikiliza siku ile. Bado imo ndani ya redio ya pikapu. Lakini Hortencia, mkeo, hakuruhusu mtu aiguse pikapu hiyo. Aliipangusa vumbi kila wiki na kuifunga tena. Betri ikafa, na redio ile bila umeme haiachii kaseti.

Leo mchana alitoka nje na ufunguo mkononi. "Haya," alisema. "Ifungueni."

Nieves alilegeza nati moja moja, akasugua vichwa vya betri kwa brashi kama ulivyomfundisha. Kisha tukakaa kungoja, na hapo Hortencia akasema ambalo hakuwahi kutuambia.

"Nilimuuliza mara moja, tukirudi kutoka Hebbronville. Nikamwambia, wewe hasa wako ni nani? Akasema, huyu anayeimba sasa."

"Na alikuwa akiimba nani, shemeji?"

"Sikumbuki, Nieves. Nilikuwa nusu nimelala."

"Mama, jamani."

"Baba yako alikuwa akiendesha taratibu. Mtu husinzia."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukaa. Dub aliinuka, akaigusa betri, akaketi, akainuka tena. Marisela alifagia baraza iliyokwisha kufagiwa. Nieves, aliyebishana tangu Jumatatu, alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba amepoteza kitu humo.

"Ikiwa ni ya mchunga ng'ombe wa Dub," alisema mwishowe, "mimi sitanuna."

Dub aliketi tena. "Ikiwa ni akodioni zako, nitacheza."

"Wewe? Kwa viatu hivyo, kompadre?"

"Kwa viatu hivi hivi."

"Nitawashikia kofia," alisema Marisela, na Hortencia akacheka, mara ya kwanza tangu atoke nje na ufunguo.

Jua limezama nyuma ya miti midogo ya mesquite, na taa ya chaja bado ni nyekundu. Spana tumeiacha juu ya bampa ili tusiitafute. Kesho asubuhi tutaifunga betri, Hortencia atageuza ufunguo, na yeyote atakayeanza kuimba tutamsikiliza mpaka wimbo wake uishe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Hortencia, binti yako Marisela, mdogo wako Nieves, na kompadre wako Dub, pamoja na wote walioleta kaseti zao uani kwako. Hatutakusahau, Evaristo, siku zote za maisha yetu.