Chokaa juu ya mupasuko

Germaine, soma hii peke yako. Chumba yetu ya upande ya muto imeanguka, na mama mukwe alikuwa ndani.

Eko muzima. Mukono tu njo ilivunjika.

Unakumbuka, kisha inchi kutetemeka, ule muzungu wa kupima butaka alituambia: "Musizibe ile mupasuko ya mu kikuta ya chumba. Ikipanuka, mukimbie."

Na miye niliiziba. Niliipaka budongo na chokaa, sababu mama mukwe alikuwa anakuja kututembelea toka Kambove, niliogopa aseme nyumba yangu iko chafu.

Niliiziba, Germaine. Muvua ilikula butaka chini ya kikuta, hakuna muntu aliona mupasuko inapanuka.

Sasa mama mukwe analala hapa, anaambia majirani: "Bokilo wangu, muke wa mutoto wangu, hana kosa. Chumba ilikuwa muzuri, aliipaka yeye mwenyewe."

Bwana yangu, na ye alikuwa pale siku ya ule muzungu, alisikia. Akaangalia mikono yangu.