Amplifaya Yangu na Koo la Phidalia

Jumatatu, 9 Oktoba

Phidalia, mwimbaji wetu, alikuja mazoezini na karatasi ya daktari. Vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Daktari kamwambia aache kupiga kelele. Akajibu kwamba hapigi kelele, anaimba. Daktari akamuuliza: nyuma yako kuna nini unapoimba?

Nyuma yake niko mimi. Mimi na amplifaya yangu ya gitaa, ya taa za kioo, kilo ishirini na mbili, juu ya kasha lenye spika nne. Kitufe cha sauti kwenye saba, miaka ishirini na tano sasa.

Alitugawia tambuu ya kutafuna kwanza, kama mgeni mwenye habari nzito. Kisha akasema, bila hasira: ama amplifaya ya Bah Kit ishuke jukwaani, ama ashuke yeye. Bah Kit ni mimi; kwetu mwanamume huitwa Bah kwa heshima, mwanamke Kong. Onyesho la kuadhimisha miaka ishirini na tano ya bendi ni Jumamosi ya tarehe 21.

Banjop, mpiga ngoma wetu, akatazama viatu vyake. Huvitazama kila penye mabishano.

Nikatoa hoja. Taa za kioo hazitoi sauti yake mpaka zipate moto. Ukishusha hadi tatu unapata nyuki kwenye kopo. Tulishaigeuza ikaangalia ukuta. Tulishaiwekea kizuizi cha plastiki. Na hivyo visanduku vya dijitali vinavyoiga amplifaya — "Kong, nimeandika makala kumi na nne gazetini juu ya hivyo."

"Nimezisoma zote, Bah. Koo langu ndilo halijazisoma."

Nikafunga gitaa, nikarudi nyumbani na hoja zangu zote. Ndiyo maana naandika hapa.

Jumatano, 11 Oktoba

Daiaphira, fundi wa mitambo ya sauti kule mtaa wa Laitumkhrah, kaniazima kisanduku kimoja cha aina hiyo. Kina ukubwa wa Biblia ya mimbari. Kinajidai kuwa amplifaya mia mbili. Mtu akijidai kuwa watu mia mbili tunampeleka hospitali.

Nikakichomeka kwenye kasha langu la spika, sebuleni. Nyumba ni ya mke wangu Iba, aliachiwa na mama yake kwa kuwa ndiye binti wa mwisho, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo kelele zote za humu hupimwa naye. Akachungulia. "Leo unapigia ndani ya godoro?"

Kweli kabisa. Sauti imefumbwa, nzito, haina meno. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Nikaketi, nikaandika makala ya kumi na tano, maneno elfu moja na mia mbili, na sikuhitaji kutafuta hata moja. Kufikia jioni ilikuwa mikononi mwa mhariri.

Alhamisi, 12 Oktoba

Daiaphira kapita kuona ninaendeleaje. Nikampigia asikie mwenyewe huo uozo. Akainama, akaufuata waya kwa kidole.

"Bah Kit, kisanduku hiki tayari kinaiga spika. Wewe umekiunganisha na spika nyingine. Umevaa koti juu ya koti, sasa unalilaumu jua."

Akazima swichi moja tu, ile ya kuiga spika. Godoro likaondoka. Iba akapaza sauti kutoka jikoni kwamba sasa anasikia gitaa.

Nikampigia mhariri simu azuie makala. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema miaka yote hiyo nimempigia kugombana kwa sababu kapunguza neno, na leo nataka yote elfu moja na mia mbili yafutwe. Nikamwambia msimamo wangu haujabadilika, nilichobadilisha ni swichi.

Hakuniamini. Sijui kama mimi mwenyewe naamini.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani Phidalia hakukaa na kwaya. Kitambaa shingoni, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Wimbo wa pili ulipoanza midomo yake ikaanza kwenda, kisha akaikaza.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia nje. Nikatokea mlango wa nyuma.

Jumanne, 17 Oktoba

Mazoezi ya kwanza bila amplifaya. Kila mtu na visikizio masikioni, Daiaphira kwenye mitambo.

Nilianza vibaya. Sauti niliyoitengeneza nyumbani ikiwa chini, besi tele, mwangwi tele, humu ukumbini ikawa tope. Daiaphira kasema hilo ndilo kosa la kila mpiga gitaa: sauti ya jukwaani hutengenezwa ikiwa imefunguliwa kama jukwaani. Akapunguza besi, akafuta mwangwi karibu wote. Nikabisha. Tukapiga. Nikaiacha hivyo.

Taa zangu hazimo mle ndani, naliandika hili wazi. Ukikwaruza uzi kwa hasira kisanduku kinajibu kwa adabu mno. Lakini si hilo lililonitokea.

Nilisikia Phidalia akivuta pumzi. Miaka ishirini na tano nimesimama hatua nne nyuma yake, na sikuwahi kumsikia akivuta pumzi.

Tukafika kwenye wimbo wetu wa vilima. Maneno niliandika mimi, dhidi ya wanaochimba vilima vyetu na kuviuza gunia kwa gunia. Ubeti wa tatu ndio fahari yangu. Ni laana tupu, nawataja kwa vyeo vyao. Umati huuimba mikono juu, na mimi hapo huongeza gitaa.

Ubeti huo ulipofika, Phidalia akaimba:

*Mama kachota maji, yana rangi ya kutu,*
*kamwambia mwanawe ni jua limezama humo.*
*Mtoto kanawa, kauliza mbona jua linawasha —*

Mkono wangu ukasimama. Nikasimama mimi, wakasimama wote. Phidalia akageuka. Nikasema nimekosea noti.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimemfuata Banjop kwenye duka lake la vifaa vya shule. Nikamuuliza, ule ubeti wake Phidalia anauimba tangu lini?

"Ubeti gani, Bah?"

"Usinitazamie viatu."

Akahesabu. "Alipozaliwa binti yangu wa pili ulikuwepo tayari. Yuko darasa la sita."

"Na watu? Umati?"

"Wanaimba huo huo. Wako hawaujui, Bah. Mji mzima unajua ila wewe. Tulidhani unajua na umeamua kuwa muungwana."

Kwa hiyo nilikuwa nikiongeza gitaa juu yake. Mahali pale pale.

Njiani nilitunga majibu matatu, yote makali, yote mazuri. Kutunga bila idhini ya mwandishi. Kulainisha wimbo wa mapambano. Nikafika nyumbani, nikauandika ubeti wangu na wake sambamba kwenye karatasi moja. Nimebishana na maaskofu na mawaziri. Karatasi ile nimeikunja.

Jumamosi, 21 Oktoba

Saa kumi alasiri, nyuma ya jukwaa. Kujaribu mitambo kumekwisha. Wimbo wa vilima hatukuugusa, Daiaphira kasema koo litunzwe.

Amplifaya nimeileta. Wapagazi wawili waliipandisha ngazi zile zote. Banjop kauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya tahadhari. "Kama mchumba wa zamani harusini," akasema. Haijachomekwa popote.

Daktari kamruhusu Phidalia muda wa saa moja tu jukwaani, kwa sharti asiseme neno lolote kabla. Kwa hiyo siku nzima anaandika kwenye vikaratasi, kwa kalamu za kuazima. Sasa hivi kanijia, kanipa kimoja. Lazima Banjop kamwambia.

*Ubeti wa tatu. Wako au wangu?*

Kalamu ninayo mkononi, ndiyo hii. Anasubiri, mikono kwenye mifuko ya koti. Uso wake hauniombi chochote. Nikiandika "wangu", atauimba, namjua, na atauimba vizuri.

Nimemwandikia: *Mstari wa nne unasemaje? Jumanne niliukatiza.*

Kakisoma mara mbili. Kaketi juu ya amplifaya, kaweka karatasi gotini, sasa ananyoosha mkono nimpe kalamu