Mkono wa Venansia

Mbuba, Jumanne jioni, Machi 1979

Bado nimechukizwa. Si kwa ajili ya vidonda. Nimeviosha miaka kumi katika zahanati hii. Ni mwalimu wa shule yetu ya msingi. Amemleta Venansia wa darasa la saba, akampandisha mkono wa sweta mbele ya foleni nzima ya wagonjwa.

"Tazameni. Wenzake wanakufa vitani Uganda, huyu anajiumiza makusudi."

Wengine wakacheka. Nami, muuguzi, nikanyamaza. Hilo linanichukiza zaidi.

Nilipomwingiza chumba cha matibabu na kufunga mlango, msichana akasema polepole, "Tangu kaka aende vitani hatujapata barua. Kifua kinajaa, mama. Nikijiumiza kinatulia kidogo, kisha kinarudi kibaya zaidi."

Sikumhubiria. Nilimwambia kifua kikijaa aje kwangu, hata nikiwa na wagonjwa. Kisha nikamsindikiza kwao.

Mama yake alikuwa akimenya maharage. Nilipoanza kueleza, akanikatiza.

"Najua, nesi. Huwa naona damu kwenye nguo ninapofua. Niliogopa kumuuliza."

Venansia akakaa karibu naye, akalaza kichwa mapajani mwake. Mama akaacha maharage. Nikaondoka bila kuaga.