Anayeimba Sauti Yako Sasa, Daudi

Daudi wangu, kifungua mimba wangu,

Nakuandikia nikiwa hapa Doha, mtaa wa Najma, kwenye chumba chetu cha akina mama wa dobi la hoteli, hapa hapa kitandani maana meza hatuna. Mimi niliishia darasa la sita, unajua, lakini hili nataka ulipate kutoka kwangu, si kwa watu. Kuna mtu anasimama mahali pako. Sauti yako ya kwanza anaimba yeye.

Usinune kwanza. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka jikoni kwetu Njoro? Nilikuwa kwaya, na sauti kama yangu haikuwepo kanisa zima, waulize. Redio inacheza zile nyimbo za kantri za kale kabisa, za banjo na fidla, mimi nasonga ugali, nyinyi mmekaa juu ya magunia ya viazi. Nikawagawia: "Daudi, shika ya kwanza. Kefa, wewe ya pili, na usimfuate kaka yako, atakupoteza." Kefa akalia, eti anataka ya kwanza. Ukamwambia, "Ya pili ndiyo tamu, mjinga wewe." Akanyamaza, akaishika, na hajaiachilia mpaka leo.

Nani mwingine alizaa wawili kama nyinyi? Manama, Dubai, Maskati, kila hoteli inawaita, halafu mnarudi Doha kwa mama. Mnasimama bega kwa bega kwenye maiki moja, kama walivyofanya wenye nyimbo hizo zamani, wewe na gitaa na ile kofia yako, Kefa na banjo. Wewe ukisogea mbele yeye anarudi nyuma, na hamkugongana hata siku moja. Ile mara ya kwanza pale hotelini Al Sadd nilitoka dobi na yunifomu yangu nikatangazia meza zote: "Wale ni wangu! Wote wawili nimewanyonyesha mimi!" Ukainamisha kichwa huku unaimba. "Mama, utatufukuzisha kazi," ukaniambia baadaye, na ulikuwa unacheka.

Kisha mkaenda Maskati, ukalala, hukuamka. Wakasema ni moyo. Nikamuuliza Kefa kwenye simu, moyo gani? Mtoto wangu hakuwahi kulalamika moyo.

Tulipokwisha kukuzika, Kefa alirudi huku peke yake amalizie mkataba. Akaanza ule wimbo wenu wa treni. Watu wakatazamana. Mlinzi wa mlangoni, Mkenya mwenzetu, akanisogelea: "Mathe, hii ni ngoma gani sasa?" Ngoma ambayo yeye mwenyewe huimba akiwa zamu! Ndipo nikaelewa. Kefa alikuwa anaimba ya pili. Peke yake ile haina wimbo ndani, ni kama ukuta mmoja unaouita nyumba.

Nilijaribu kumfundisha ya kwanza. Anaanza vizuri, mstari wa pili koo linateremka, linarudi kwenye ya pili. "Siwezi, Mathe," akasema. "Nikiimba ya kwanza namsikia Daudi. Basi naenda zangu ya pili."

Meneja akamwambia atafute mwenzake, la sivyo arudi nyumbani. Ndipo akaniletea Rodel, Mfilipino anayeendesha basi la kampuni kule Industrial Area, nyimbo hizi anazijua tangu kwao. Tukakaa duka la chai hapa chini. Kefa akaniambia, "Mathe, ukikataa nafunga banjo. Sitakulaumu."

Nilimwomba Mungu mtu huyo aimbe vibaya. Ndiyo, niliomba hivyo.

Akaimba vizuri. Si kama wewe, nani kama wewe, lakini vizuri. Kefa akaingia na ya pili, nikauona uso wake ukirudi. Sikuwa nimeuona tangu Maskati. Yule Mhindi wa chai akaacha kumimina. Nikasema, "Haya. Lakini asivae kofia ya Daudi." Kefa akamtafsiria, naye Rodel akaweka mkono kifuani, akainama.

Ijumaa wakasimama pale Al Sadd. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Mama mmoja Mganda, mgeni kwenye dobi letu, akanigusa kiwiko: "Nyabo, si ulituambia wale ni wanao? Mbona mmoja Mfilipino?"

"Wa banjo ndiye wangu," nikamjibu. "Yule mwingine anamshikia kaka yake nafasi."

"Eh! Na mwenyewe anarudi lini?"

Nikaanza kupiga makofi, na wimbo ulikuwa bado haujaisha.

Lala, baba. Kefa hajui kama nimekuandikia. Watu bado wananiita kwa jina lako, nami naitika.

Mimi mama yako,
Mama Daudi