Dola Bei Moja

Alhamisi, 31 Agosti 2017
Tashkent nzima inahangaikia Idi ya kesho. Dirishani kwangu hapa benki — nzi wawili! Benki inanunua dola kwa som zetu elfu nne na ushee, sokoni elfu nane. Nani mwenye akili zake aje kwangu? Nimefuma soksi ya pili. Mume wangu Bahrom, anayebadilisha dola kwa kificho langoni mwa soko, karudi na mfuko umejaa noti. "Wewe fuma tu, mke wangu. Nyumba yetu nitainunua mimi." Maringo! Ila ni kweli. Bila yeye tungeishi kwa mama mkwe hadi kiama.

Jumamosi, 2 Septemba
Taarifa ya habari: kuanzia Jumanne, dola bei moja nchi nzima. Ile ya sokoni! Bahrom kacheka, eti benki wataishiwa noti kabla ya chai ya saa nne. Mama mkwe hakucheka.

Jumanne, 5 Septemba
Jamani! Foleni mpaka barabarani! Elfu nane na mia moja kwa dola, na wateja wanapewa kweli. Vidole vinauma, nina furaha kama mtoto. Mama mmoja kaniuliza kama mimi ni mgeni hapa. Miaka sita, mama!

Ijumaa, 8 Septemba
Bahrom yuko nyumbani tangu juzi, anakata karoti za pilau. Mama mkwe kawaambia majirani mwanawe ana mafua. Naye analia na dawa yake ya presha: zamani iliagizwa kwa dola ya bei rahisi ya serikali, sasa imepanda. "Benki yenu hiyo!" Utadhani amri hiyo nilitia saini mimi. Nyama nimenunua kwa mshahara wangu. Bahrom hakuigusa. Imeniuma sana.

Jumatatu, 11 Septemba
Naandika kwenye chumba cha chai, mbiombio. Sasa hivi dirishani nimeinua macho — Bahrom! Kanyoa ndevu, shati la Idi, dola zetu za akiba mkononi. "Habari ya kazi, dada." Kama hanijui! Haya, dada na iwe. Pasipoti, sawa. Jina, sawa. Kisha kompyuta ikataka kazi ya mteja, haiendi mbele bila hiyo. Mdomo ukatangulia akili: "Kazi yako?"

Akaanza kuzihesabu dola upya. Nikasingizia wino umeisha, nikakimbilia huku.

Mlango uko wazi kidogo, nasikia. Babu aliye nyuma yake kachoka kusubiri: "Kijana, jibu basi, huna kazi?"

"Nilikuwa nayo, babu. Sasa anayo mke wangu."

Foleni nzima imecheka. Yeye sijui kama kacheka — kamgeukia babu, kanipa mgongo.